Maji Kinywani mwa Mzee Obadiah

Mwaka uliotangulia, Mzee Obadiah Mwandawiro aliyameza maji.

Wengi waliokuwapo siku hiyo hawakuona kitu. Walikuwa wameinamisha vichwa, wakidhani mzee anaomba kimoyomoyo. Lakini Muhonja, mke wa mwanawe Donald, alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni akiwa na mimba ya miezi minne, na kutoka pale aliliona koo la baba mkwe wake likipanda na kushuka mara moja. Hakuelewa. Yeye alikuwa binti wa Maragoli aliyekulia kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi, na mambo ya milimani alikuwa bado anajifunza.

Miezi mitatu baadaye alijifungua mtoto ambaye hakulia.

Ndipo Mzee Crispus, jirani na rafiki wa Obadiah, alipomweleza. Alimweleza huku akichonga mpini wa jembe, bila kumtazama usoni. Huku kwetu Udawida, milima ya Wataita, alisema, mzee akitaka kubariki hutasa. Husema yaliyo moyoni mwake, akapiga funda la pombe ya miwa, au la maji kama ni mtu wa kanisa, kisha akalipuliza nje kama manyunyu. Uchungu wote aliokuwa nao hutoka na yale maji. Lakini mwenye kinyongo hawezi kupuliza. Koo humkaba, akameza. Na kinyongo cha baba kikirudi tumboni mwa baba, hakikai huko peke yake. Hutembea. Huwaingilia watoto wake.

"Sasa alimeza kwa nini?" Muhonja aliuliza.

"Hajasema."

"Ana kinyongo na nani?"

"Mama, ningekuwa nayajua hayo ningekuwa mganga, nisingekuwa mlevi."

Wifi yake Tryphena, ambaye alikuwa mwalimu, alikasirika aliposikia maneno hayo. "Daktari si alikwambia kitovu kilimzunguka mtoto shingoni? Kitovu hakijui kutasa, wifi." Muhonja aliitikia kwa kichwa. Moyo wake haukuitikia. Kwa maana kulikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: mama mkwe wake, Mama Wakio, alikuwa amefia nyumbani kwake, pale Voi, kwenye kitanda chake, mikononi mwake. Maji yaliyomezwa yalimezwa siku ya kuondoa matanga ya mama huyo. Mzee angekuwa na kinyongo na nani mwingine?

Sasa ilikuwa Juni ya mwaka wa sabini na sita, na tumbo lilikuwa limefika tena mwezi wa saba, mwezi uleule. Muhonja alitembea kana kwamba amebeba chungu kilichojaa hadi ukingoni. Usiku Donald aliweka mkono juu ya tumbo, akangoja mpaka mtoto acheze, ndipo akalala. Siku moja Donald alirudi kutoka stesheni, alikokuwa karani, akasema: "Tutamfanyia Baba sherehe. Ukoo wote. Tumshukuru angali hai, kisha atubariki."

"Na akimeza tena?"

Donald alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hatameza," alisema. "Mtu hawezi kumeza mbele ya shukrani kama hiyo."

*

Jumamosi ya sherehe ukungu ulikataa kuondoka Chawia, kijijini kwa mzee, hata saa nne ilipofika. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kona ya nyumba hadi kwenye nguzo nne alizozisimamisha mzee mwenyewe. Alikuwa amekatazwa asifanye kazi siku yake, lakini alipoona jinsi vijana walivyozichimbia nguzo alizing'oa zote, akazisimamisha upya. Mbuzi wawili walikuwa motoni. Wanawake walikuwa wakiponda kimanga, na harufu ya maharagwe na muhogo ikamfuata Muhonja mpaka pale alipoketishwa, kwenye kiti chenye mto, kama yai.

Mzee Obadiah aliketi mbele, koti jipya alilonunuliwa likiwa mabegani, mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono ya kutazamwa. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa hakina kucha, kililiwa na msumeno wa karakana ya reli zamani za wakoloni, alipokuwa akitengeneza milango ya mabehewa. Mikono hiyo ilijenga mimbari ya kanisa. Ilifufua kinanda ambacho wamisionari walikitupa kwa kuwa panya wamekila mapafu, ile mifuko yake ya hewa. Akakishonea mapafu mapya ya ngozi ya mbuzi, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukipiga, akajifundisha kukipiga. Ilikuwa ikiunga mifupa. Ilikuwa ikiandika barua za wasiojua kuandika, na inasemekana wanawake wawili wa ng'ambo ya bonde waliolewa kwa sababu ya barua zake, ingawa hakuwahi kuziona nyuso zao. Na mtu yeyote aliyekufa katika ukingo ule wa mlima, Mkristo au asiye Mkristo, alizikwa ndani ya sanduku lililotoka katika mikono hiyo. Alifika mwenyewe kupima. Alipima kwa kamba, polepole, akiongea na maiti kwa sauti ndogo kama fundi nguo anayemwambia mteja ainue mkono.

Muhonja naye alikuwa na lake la kumkumbukia. Alipoletwa Chawia akiwa bi arusi, mwaka wa sabini na mbili, alikula kwa adabu kila alichopewa, na jioni akalia nyuma ya jiko kwa kutamani mboga ya kwao. Hakujua kama kuna aliyemsikia. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuta tuta la mrenda limechipua palepale alipolilia. Mzee alikuwa ameteremka hadi Voi, akaenda landhi kwa landhi akiwauliza kina mama wa kutoka magharibi mbegu zake ni zipi na hupandwaje. Alimwachia auone mwenyewe.

Mtu kama huyo akikuchukia, Muhonja aliwaza, ni lazima umefanya jambo kubwa sana.

Hotuba zilianza. Crispus alisimama wa kwanza, akachechemea makusudi ili watu wacheke.

"Mguu huu," alisema, akiupiga kofi, "ulivunjika mara mbili mwaka wa hamsini na saba. Hospitali walisema ukatwe. Huyu mwenzangu akasema, 'Leteni mbao nne na asali.' Nikauliza asali ni ya nini, ya kupaka? Akasema, 'Ni ya kukunyamazisha.' Akanifunga. Tangu siku hiyo mguu unanipeleka kilabuni hata nikiwa sina nia."

Watu walicheka. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Na katika miaka yote hiyo," Crispus aliendelea, "sijamwona Obadiah amekasirika. Hata siku moja."

Muhonja aliona tabasamu lile likiondoka.

Tryphena alisimama. Alisimulia jinsi utotoni alivyochukua patasi mpya ya baba yake kuchimbia viazi, akaichakaza kabisa. "Baba aliitazama tu, akasema, 'Patasi imeshiba viazi, leo haitakula nasi chakula cha jioni.' Akaenda kuinoa. Hakunipiga. Hakunigombeza. Jamani, baba yetu Mungu hakumpa hasira!"

"Hakumpa!" watu waliitikia.

Wakasimama wengine, na kila mmoja alimalizia palepale. Mjukuu huyu alitengenezewa gari la mti lenye usukani unaogeuka. Mama yule aliimbiwa kando ya kitanda usiku kucha mpaka homa ikamwacha. Na hana hasira. Hajui kununa. Muhonja alisikiliza, na kadiri sifa zilivyozidi ndivyo mzee alivyozidi kukaa wima, kama mtu anayetwikwa mzigo na kila anayepita, kila mmoja akiongeza kuni moja, akisema, wewe una nguvu. Alikuwa ameacha kutabasamu kabisa. Mikono iliyokuwa juu ya magoti ilikuwa imefumbwa.

Wanamfunga mdomo, Muhonja aliwaza. Wazo hilo lilimjia ghafla, akalitazama huku na huku, na halikuondoka. Atasemaje sasa? Atoe wapi hasira, na wote wameshaapa kwamba hana?

Donald alisimama mwisho. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo licha ya baridi. Alimpa baba yake redio, akampa blanketi, kisha akapiga magoti.

"Baba, mimi si msemaji kama dada. Nimekuja na mke wangu na aliye tumboni mwake. Tubariki."

Crispus alileta maji katika kibuyu, akampa mzee kwa mikono miwili. Muhonja aliinuliwa na Tryphena, akaletwa mbele, akasimama pembeni ya mumewe. Kwa mila ya kwao Maragoli hakupaswa kusimama karibu namna hiyo na baba mkwe. Aliutazama udongo.

"Wanangu," mzee alianza. Sauti ilikuwa ya kanisani, ile ya kutangaza nyimbo. "Nimewasikia wote. Mungu awape amani. Amani katika nyumba zenu, amani katika mashamba yenu. Kazi ya mikono yenu isimame. Watoto wenu wawazike, wala msiwazike ninyi." Alikuwa akiyasema vizuri, yote yamepangika, kama mbao zilizopigwa randa. "Sina neno na mtu," alisema.

Akapiga funda.

Muhonja aliinua macho. Hakupaswa, lakini aliyainua. Mashavu ya mzee yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, Donald amefumba macho na uso wake ameuelekeza juu, akiyangoja manyunyu. Hayakuja. Mzee alivuta pumzi kwa pua. Mshipa ulimsimama shingoni. Alisogeza uso mbele kama anayetaka kupuliza, na midomo ikabana zaidi. Hapo macho yake yalikutana na ya Muhonja, na ndani yake hapakuwa na chuki. Palikuwa na hofu. Alikuwa kama mtu aliyeshika mlango unaosukumwa kutoka ndani.

Mtoto aligeuka tumboni. Muhonja aliona koo la mzee likianza kupanda.

Kila mtu wa milimani alijua kwamba maji yale yana njia mbili tu: ama yanapulizwa ama yanamezwa. Muhonja hakuwa mtu wa milimani.

Aliukinga mkono wake chini ya kidevu cha baba mkwe wake, kiganja juu, kama anavyokingiwa mtoto aliyetia kokoto mdomoni.

"Tema, Baba," alisema.

Tryphena alishtuka, "Wifi!" Mtu fulani nyuma alisema yule mwanamke amerukwa na akili. Donald alifumbua macho.

"Tema, usimeze. Tema hapa, halafu useme." Mkono hakuuondoa. "Kama ni mimi, niambie ni mimi. Ni mimi niliyekuwa na Mama. Ni mimi niliyemwosha. Kama nilikosea, sema mbele ya hawa wote. Nitakaa nalo. Lakini usimeze, Baba. Mwezi ni huu huu."

Wengine walisimulia baadaye kwamba alikaa vile kwa muda wa kusema Baba Yetu nzima. Muhonja hakujua. Alijua tu kwamba maji yalikuja kwenye kiganja chake yakiwa na joto, yakamwagikia kifundoni, yakadondoka chini, na mzee akapumua kwa mdomo kama aliyeibuka majini.

"Si wewe," alisema.

Sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa nyembamba na yenye kukwaruza.

"Wewe ulimshika mkono. Najua. Si wewe." Kisha akamgeukia mwanawe aliyepiga magoti. "Donald. Siku tatu. Mama yako alilala siku tatu kwako, hukuniletea habari."

"Baba, tulidhani atapona. Ulikuwa unamalizia mimbari, sikutaka kukutia wasiwasi..."

"Siku tatu! Na wewe ndiye mtu wa stesheni, unapeleka habari za mizigo ya watu hadi Taveta! Mzigo wa mkonge una habari zake, mama yako hana?" Alisimama. Koti jipya lilimdondoka begani na hakuna aliyethubutu kuliokota. "Halafu unamleta. Nasikia lori, natoka, nakuta mmemleta ndani ya kitu. Kitu cha dukani! Kimepakwa rangi kama kabati la soda. Kina vishikio vya bati. Kimepigiliwa misumari, misumari mitupu, hata tone la gundi hakuna! Nilikisikia kikilia walipokibeba. Kililia njia nzima mpaka kaburini."

Hakuna aliyecheka.

"Watu wote wa ukingo huu nimewatengenezea. Baba yake Crispus. Watoto wachanga. Mlevi aliyekufa njiani ambaye hatukumjua jina, nilimpima, nikamtengenezea. Na mke wangu wa ndoa ya miaka thelathini na nane mkamtia katika sanduku la mtu nisiyemjua, mkalifunga, mkaniambia lisifunguliwe, safari ilikuwa ndefu." Alinyanyua mikono yake, akaitazama kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. "Mbao zake ziko darini. Mti ulioangushwa na upepo, nimezikausha miaka minne juu ya moshi wa jiko lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua. Alisema, huo wekundu nimeupenda. Sikumpima, Donald. Sikumpima mama yako."

Donald alikuwa akilia bila kujifuta. "Nilitaka kukuhurumia," alisema. "Nilifikiri, Baba hataweza, mkono utamtetemeka. Nikanunua kile kizuri kabisa kilichokuwapo. Nilidhani nakuheshimu."

"Ungeniacha nitetemeke."

"Ndiyo, Baba."

"Ilikuwa haki yangu kutetemeka."

"Ndiyo, Baba. Nilikukosea. Na Mama nilimkosea."

Mzee alisimama pale, kifua kikipanda na kushuka. Aliwatazama watu wa ukoo wake mmoja mmoja, kama anayengoja kuambiwa kwamba sasa hawamtambui. Crispus ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa amekwenda kuokota koti, akalipangusa vumbi.

"Kumbe unayo," alisema.

"Nini?"

"Hasira. Miaka hamsini nakaa na malaika, naona aibu kutukana mbele yake. Ungeniambia mapema, we mwenzangu."

Kicheko kilianza kwa Tryphena, kikiwa nusu kilio, kikaenda kwa wengine. Mzee hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Alinyosha mkono, na Crispus akamrudishia kibuyu.

Mara hii hakutumia sauti ya kanisani, wala hakusema maneno mengi.

"Nilikuwa na uchungu na mwanangu," alisema. "Nimeusema. Ukisikia umeitwa, uchungu, usirudi, hapa si kwako tena. Huyu aliye tumboni hakununua sanduku lolote. Aje salama."

Akapiga funda, na kabla Muhonja hajapata nafasi ya kuogopa, maji yalikuja. Yalikuja kwa nguvu, si manyunyu mepesi ya kutasa kwa adabu. Yalimpiga Donald usoni, yakamlowesha Muhonja shingo, gauni na tumbo, baridi ya Juni ya mlimani, mpaka akapiga yowe. Mzee akapiga funda jingine, akapuliza tena. Akapuliza mpaka kibuyu kikaisha, kisha akaketi kitini ghafla, mikono ikimtetemeka wazi mbele ya watu wote, wala hakuificha.

*

Uchungu wa uzazi ulimwanza Muhonja Agosti, siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, alipokuwa akipepeta mchele nyumbani kwao Voi.

"Ngoja kwanza tuone kama ni kweli," alimwambia Donald. "Usimsumbue Baba bure."

Lakini Donald hakuwapo tena chumbani. Alikuwa ameshatoka na kiatu kimoja mkononi, akikimbia kuelekea sokoni, ambako lori lililoshusha mboga za Chawia lilikuwa karibu kugeuza kurudi. Dereva alisimulia habari hiyo miaka mingi: jinsi karani wa stesheni alivyosimama katikati ya barabara mikono juu, akikataa kutoka mpaka aapiwe kwamba ujumbe utafika kwa mzee kabla hata ya kuzima injini.

Ulifika. Saa nane mchana Mzee Obadiah alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, vumbi la barabara hadi magotini, Donald ubavuni mwake. Mlango ulikuwa umefungwa. Walisikia muuguzi akisema "sukuma, mama", wakasikia kimya, kimya kirefu ambacho Donald alikikumbuka kutoka mwaka uliopita, na mkono wake ukautafuta wa baba yake ukaushika.

Kisha mtoto akalia.